Maskini: neno lililotoka Babeli hadi Ayany

Neno maskini lina umri wa karibu miaka 4,000. Katika sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli wa karne ya 18 kabla ya Kristo, mushkenum alikuwa mtu wa tabaka lililo chini ya muungwana na juu ya mtumwa. Kiaramu kililichukua, Kiarabu kikalifanya miskin, kisha dini na biashara vikalifikisha pwani ya Afrika Mashariki.

Waarabu waliotawala Hispania na Sisilia walilifikisha Ulaya pia. Huko lilikuta nafasi imejaa, kwa kuwa Kilatini kilishakuwa na pauper, mtu asiye na kitu, na paupertas, hali yake. Ndiyo asili ya povertà ya Kiitaliano, pauvreté ya Kifaransa na pobre ya Kihispania na Kireno. Mgeni akabadilika maana. Mezquino wa Kihispania leo ni bahili, na mesquin wa Kifaransa ni mtu wa roho ndogo. Mhitaji amegeuzwa mchoyo, na hiyo ni dhuluma. Kiswahili kilimtendea utu: “Maskini!” ni sauti ya huruma, hata kwa tajiri aliyefiwa.

Fukara naye ametoka kwenye wingi wa Kiarabu, fuqara. Umoja wake, faqir, ndio fakiri wetu. Kurani (9:60) inawataja mafukara na maskini kwanza kati ya makundi manane yanayostahili zaka. Wanazuoni walibishana ni yupi mwenye dhiki zaidi. Madhehebu ya Shafii, yaliyoenea pwani, yanasema ni fukara, na masikio ya Waswahili yanakubali.

Kutoka pwani, neno lilifika hadi Ayany, mtaa wa Kibera jijini Nairobi, eneo ambalo jina lake lilitokana na neno la Kinubi, lugha yenye mizizi ya Kiarabu, lenye maana ya msitu. Kwa umaskini, Mjaluo wa hapo ana neno dhier, na Mkikuyu wa mtaa wa Kawangware ana ũkĩa. Lakini kijana asiye na nauli ya matatu hajiiti maskini wala fukara. Husema kwa Sheng, lugha ya vijana wa mtaani, “Nimesota,” yaani sina pesa. Katika Kiswahili sanifu kusota ni kujiburura kwa makalio. Msoto, hata hivyo, hauhesabiwi kuwa tabaka: aliyesota leo anaweza kuomoka, yaani kutajirika, mwezi ujao. Umaskini umeachiwa hotuba za wanasiasa na ripoti za mashirika.