Pikipiki Inapogongagonga: Kuitengeneza Cheni ya Taimingi Nyumbani



Katika miji yetu ya pwani, kuanzia Lamu hata Vanga, pikipiki si chombo cha vijana peke yao. Ndiyo impelekayo mama sokoni, mtoto chuoni na mgonjwa zahanati; na katika nyumba nyingi ndiyo iletayo unga na karo. Basi injini yake inapoanza kupiga kelele, wanaoshtuka ni watu wa nyumba nzima.

Hayo ndiyo yaliyomfika shangazi yangu wa Likoni. Baada ya kufiwa na mumewe alinunua pikipiki kwa zamu yake ya chama cha akina mama, naye mwanawe mkubwa akawa akiiendesha kwa kazi ya boda. Siku moja injini ikaanza kukereza, mfano wa kopo lililotiwa changarawe, hasa asubuhi ikiwa baridi na kila mara kijana alipoachia mafuta. Fundi wa kwanza aliyeitazama alisema injini ifunguliwe yote, akataja shilingi 14,000. Fedha hizo shangazi alikuwa nazo, lakini zilikuwa ni karo ya bintiye. Akampigia simu baba yangu, ambaye ni kaka yake na aliyekula jasho la ufundi wa pikipiki miaka mingi. Baba akamjibu, "Dada, usiifungue kabla hujaisikiliza. Nitakuja baada ya Alasiri."

Alipofika hakugusa spana. Aliketi kwenye mkeka, akawaelekeza shangazi na mwanawe wafanye wenyewe. Nilioyaona siku ile ndiyo ninayoyaeleza hapa.

Cheni hii ni ipi?

Wengi huijua cheni ya nje, ile izungushayo gurudumu la nyuma. Cheni ya taimingi imo ndani ya injini. Huunganisha krenki, iliyo chini, na kamshafti, iliyo kwenye kichwa cha injini, ili valvu zifunguke na kufungika kwa wakati wake. Krenki ikizunguka mara 2, kamshafti huzunguka mara 1. Mpangilio huo ukiruka hata jino moja, injini hukosa nguvu. Na ukiruka zaidi, valvu yaweza kugongana na pistoni. Hapo ndipo gharama kubwa huingia.

Cheni hupita kati ya miongozo miwili, na mmoja husukumwa na kifaa kiitwacho tenshena. Kazi yake ni kuondoa ulegevu kadiri cheni inavyochakaa. Tenshena ikikwama, cheni hupwaya na kupiga kuta.

Hata hivyo, si kila pikipiki ina cheni hii. Injini za muundo wa Honda CG125, ambao pikipiki nyingi za Kichina zimeufuata, hutumia gia na vijiti vya kusukuma valvu. Injini ya Bajaj Boxer ina cheni. Ulizia aina ya injini yako kabla ya kununua kifaa chochote.

Sikiliza kwanza

Baba alianza kwa maswali. Je, kelele ipo pikipiki ikiwa imesimama? Ikiwa husikika inapotembea tu, tazameni cheni ya nje. Je, ni mlio mwembamba wa tik-tik usiobadilika, kutoka juu kabisa? Huenda ni nafasi ya valvu inayohitaji kurekebishwa. Je, ni mlio wa kukereza ubavuni mwa silinda, upande inakopita cheni, unaozidi mafuta yanapoachiwa? Basi shuku cheni ya taimingi.

Kisha akaagiza oili ipimwe, pikipiki ikiwa imesimama wima. Ilikuwa chini ya alama, nyeusi kama wino. Oili ndiyo uhai wa cheni. Ikipungua, cheni na miongozo yake husagika. Wakamwaga ya zamani injini ikiwa na uvuguvugu, wakatia mpya ya pikipiki, ya daraja lililoandikwa katika kitabu chake. Oili za magari huenda zikafanya klachi iteleze. Kelele ikapungua, lakini haikuisha.

Kuitazama tenshena

Injini iliachwa ipoe kabisa. Pikipiki ikasimamishwa kwa stendi ya kati, na pahala pote pakasafishwa kwa kitambaa, kwa kuwa mchanga wa pwani ukiingia ndani hufanya kazi ya msasa. Shangazi akatandika gazeti na kupanga kila bolti kwa utaratibu wa kutoka kwake.

Hatua zilikuwa hizi:

1. Plagi ilitolewa, kisha vifuniko vidogo vya upande wa magneti vikafunguliwa.

2. Magneti ilizungushwa kwa spana, polepole, kwa uelekeo wa kawaida wa injini. Kijana aliweka kidole kwenye tundu la plagi. Aliposikia hewa ikisukumwa nje, waliendelea hadi alama ya T ikalingana na alama ya kwenye kifuniko. Hapo pistoni iko juu na valvu zote zimefungika, na hatari ya cheni kuruka ni ndogo.

3. Tenshena, ambayo aghalabu hukaa nyuma ya silinda karibu na kabureta, ilifunguliwa. Bolti ya katikati ilitangulia ili springi ilegee, kisha bolti mbili za pembeni.

4. Tangu hapo, injini haikuzungushwa hata kidogo. Baba alilirudia neno hili mara tatu. Tenshena ikiwa nje, hakuna kinachoishika cheni.

Tenshena nzima hutoa kijiti chake kwa urahisi, na ukikisukuma kwa kidole hakirudi mpaka ukiachilie kishikio chake. Ile ya shangazi ilikuwa imekwama kwa uchafu, na meno yake yamelika. Walinunua mpya pamoja na gasketi.

5. Kabla ya kufunga, kijiti cha tenshena mpya kilirudishwa ndani kabisa. Hapa wengi huharibu: wakiifunga kijiti kikiwa nje na kuikaza kwa nguvu, mwongozo wa cheni huweza kuvunjika. Bolti za pembeni zilikazwa kwanza, springi na bolti ya katikati zikafuata, na kijiti kikatoka chenyewe kuikaza cheni.

6. Magneti ilizungushwa kwa mkono mizunguko 2 kamili. Haikukwama, na alama zikarudi mahali pake. Lau ingekwama, kuilazimisha kwa kiki kungekuwa kosa kubwa.

Injini ikawashwa. Kelele ikanyamaza.

Mwisho wa kazi ya nyumbani

Shangazi alimshukuru Mola, ila baba hakuficha jambo. Tenshena ya zamani ilikuwa imekwama kijiti chake kikiwa kimetoka karibu mpaka mwisho. Hiyo ni dalili kwamba cheni yenyewe imerefuka kwa kuchakaa. "Nimekununulia muda, dada," alisema, "sikukununulia cheni." Kubadilisha cheni hutaka magneti ing'olewe kwa kifaa maalumu na taimingi ipangwe upya, hiyo ni kazi ya fundi. Tena akawaonya wasikubali mtu kuweka washa nyuma ya springi ili kuikaza zaidi. Hilo huificha kelele na kuumaliza mwongozo upesi.

Karo ikalipwa kwa wakati wake. Kijana akawa anaweka kando kidogo kila siku, na shule zilipofungwa walikwenda kwa fundi mwingine wakiwa wanajua wanachokitaka: cheni, miongozo na meno ya kamshafti, basi. Walimwomba awaonyeshe vile vya zamani baada ya kuvitoa. Cheni ilipolazwa kando ya mpya, tofauti ya urefu ilionekana kwa macho.

Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Dada yangu msomaji, hata kama hushiki spana, unaweza kuuliza oili imepimwa lini, na unaweza kusikiliza pikipiki inapoingia uani jioni. Shangazi sasa hufanya hivyo kila Ijumaa asubuhi kabla mwanawe hajatoka: huchomoa kijiti cha kupimia, hukifuta kwa kitambaa, hukirudisha, na hukitazama tena mwangani.