Notisi ya Ghala: Hesabu ya Siku Inayolinda Faida ya Msimu

MFANYABIASHARA anayenunua alizeti Kiomboi hutazama kwanza bei ya gunia. Mahali pa kuliweka hufikiriwa baadaye, na mara nyingine ni pale mwenye ghala anapolitaka ghala lake katikati ya msimu.

Wanunuzi wengi wadogo hupanga kwa mdomo na kulipa mwezi kwa mwezi. Tangu Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya 1984 ilipofutwa mwaka 2005, ngao kubwa ya mpangaji wa aina hiyo ni notisi.

Kwa mujibu wa kifungu cha 79 cha Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, upangaji usiotajiwa muda huhesabiwa kuwa wa vipindi. Upande wowote unaweza kuuvunja, ila kwa masharti mawili: notisi isiwe fupi kuliko kipindi cha kodi, na iishe siku ya kulipa kodi.

Tuseme kodi ya ghala ni sh. 60,000, hulipwa kila tarehe 1. Notisi iliyopokelewa Juni 10 haiwezi kuisha Julai 10, kwani si siku ya kodi; wala Julai 1, kwani mwezi haujatimia. Itaisha Agosti 1, yaani siku 52.

Siku hizo ni fedha. Mwenye magunia 200, akitozwa sh. 1,500 kwa kila gunia kwa hamali na gari, atatumia sh. 300,000 kuhama, sawa na kodi ya miezi mitano. Akipewa muda, atauza sehemu ya mzigo kwa wakamuaji mafuta bila kukubali bei ya kutupa.

Mwenye ghala naye ajihadhari. Akipokea kodi ya mpangaji mpya kabla notisi haijaisha, atabaki na wadai wawili, na shauri linaweza kufika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Sharti hilo linambana pia mpangaji: anayeondoka ghafla anaweza kudaiwa kodi ya muda wa notisi.

Kinga iliyo rahisi zaidi ni mkataba wa maandishi unaotaja tarehe ya mwisho, baada ya msimu. Usainiwe kabla gunia la kwanza halijashushwa.