Maana na Asili ya Neno "Supu"

Neno "supu" limezoeleka mno Kiomboi hata hudhaniwa kuwa la Kiswahili tangu asili. Sivyo. Limetoka katika Kiingereza, nacho Kiingereza kililipokea kutoka Kifaransa katika karne ya 17. Wafaransa wa kale waliita "soupe" kipande cha mkate kilichomiminiwa mchuzi wa moto. Baadaye jina likahama kutoka kwenye mkate likawa la mchuzi wenyewe.

Nchini Tanzania, supu ni maji yaliyochemshiwa nyama, mifupa au utumbo, yakatiwa chumvi na ndimu, na hunywewa zaidi asubuhi. Anayechovya chapati humo hurudia, bila kujua, maana ya kwanza ya neno. Mchuzi ni kitu kingine: huungwa kwa vitunguu, nyanya na mafuta, ukaliwa kwa ugali au wali.

Tofauti hiyo si ya jikoni tu. Katibu akiandika "supu" katika makadirio ya chakula cha mkutano mkuu, kisha hati ya malipo ikaonyesha nyanya na mafuta ya alizeti, mwanachama ana haki ya kuuliza. Kila neno na liandikwe kwa maana yake, ili ieleweke wazi jinsi fedha za chama zilivyotumika.