Robert Bloch, Aliyetuketisha Kichwani mwa Muuaji

Novemba 1957, huko Plainfield katika jimbo la Wisconsin, Marekani, polisi walimkamata Ed Gein, muuaji aliyekuwa pia akifukua makaburi. Mwandishi Robert Bloch aliishi Weyauwega, mji mdogo usio mbali na hapo. Alipochapisha Psycho mwaka 1959, wengi walisema, na bado wanasema, kwamba riwaya ile ni Gein aliyebadilishwa jina. Sikubaliani nao. Gein alimpa Bloch wazo. Ufundi alikuwa nao siku nyingi.

Bloch alizaliwa Chicago mwaka 1917. Mwaka 1933 alimwandikia barua H. P. Lovecraft, gwiji wa hadithi za kutisha, naye akamjibu na kumhimiza aandike. Kufikia 1935 hadithi zake zilikuwa zikitoka katika jarida la Weird Tales, zimejaa mazimwi na vitabu vya uchawi kama zile za mlezi wake. Lovecraft akafariki 1937, na taratibu mwanafunzi akashika njia yake mwenyewe.

Njia hiyo inaonekana wazi katika hadithi fupi ya 1943, "Yours Truly, Jack the Ripper". Daktari wa akili anatusimulia anavyomsaidia mgeni kumsaka, katika mitaa ya Chicago, yule muuaji wa London wa 1888. Mwishoni tunang'amua kwamba muuaji ndiye huyohuyo anayetusimulia. Miaka minne baadaye ikaja riwaya yake ya kwanza, The Scarf, ambayo msimulizi wake ni mwandishi anayenyonga wanawake. Siku hizo Bloch alikuwa akijikimu kwa kuandika matangazo ya biashara.

Psycho imejengwa juu ya mazoezi hayo. Sura ya kwanza inamkuta Norman Bates, muuaji wa riwaya hiyo, akigombana na mama yake, na maneno ya mama yameandikwa kama mazungumzo mengine yoyote. Msomaji hana sababu ya kuuliza kama mama yu hai, kumbe alikwisha kufa. Hapo ndipo ninapomvulia Bloch kofia: hatudanganyi. Anaandika anachokisikia Norman, na Norman kweli anamsikia mama.

Alfred Hitchcock alinunua haki za filamu kwa dola 9,500, huku jina lake likifichwa. Filamu ya 1960 ilivuna mamilioni, na Bloch hakuwa na fungu katika faida. Hata hivyo ilimfungulia milango ya Hollywood, akaandikia filamu na televisheni, zikiwemo sehemu tatu za Star Trek, bila kuacha riwaya na hadithi fupi, ambazo zilifikia mamia kabla hajafariki 1994.

Norman wa kitabuni ni mnene, wa makamo, mwenye miwani. Hitchcock na mwandishi wa mswada, Joseph Stefano, walimfanya kijana mwembamba mwenye haya, akaigizwa na Anthony Perkins. Walilazimika. Kamera haiwezi kukaa kichwani mwa mtu kama sentensi za Bloch, kwa hiyo ilibidi tumpende Norman kwa sura yake.