Bunduki Ivukapo Mpaka wa Jimbo: Sheria ya Marekani na Sababu Yake

Wasomaji wetu wajua ya kuwa bunduki si mali kama jembe au baiskeli. Jembe likiuzwa, shauri ni la watu wawili, muuzaji na mnunuzi. Lakini bunduki ikiuzwa, pana mtu wa tatu ambaye hayupo sokoni wala hajui habari ya biashara ile, naye ni yule awezaye kusimama siku moja mbele ya mdomo wake. Kwa ajili ya mtu huyu wa tatu, serikali nyingi za ulimwengu zimeweka sheria juu ya kuuza silaha.

Leo twapenda kueleza jambo hili lifanywavyo katika nchi ya Marekani. Huko watu wengi wana bunduki majumbani mwao, wengine za kuwindia, wengine za kulinda nyumba, nao huuziana wao kwa wao. Twaeleza kwa sababu mbili. Kwanza, sheria yenyewe ina mafundisho kwa kila mtu atunzaye daftari, awe mzee wa mji au mwalimu. Pili, watu wetu wa Afrika ya Mashariki waliohamia huko ni wengi sasa, na baadhi yao wamekuwa raia wa nchi ile. Mtu akiuliza mbele ya hakimu, "Mbona sikuambiwa?" swali hilo huwa limechelewa.

MAJIMBO NA SERIKALI KUU

Marekani ina majimbo 50. Kila jimbo lina serikali yake, baraza lake na sheria zake. Na juu ya yote iko Serikali Kuu, ambayo makao yake ni mji wa Washington. Bunduki ikiuzwa na mtu kwa jirani yake wa jimbo lile lile, shauri hilo kwa sehemu kubwa hutazamwa na sheria ya jimbo. Majimbo mengine humruhusu mtu kumwuzia mwenziwe mkono kwa mkono. Mengine huamuru waende kwanza mbele ya mfanya biashara mwenye leseni. Lakini bunduki ikivuka mpaka na kuingia jimbo jingine, Serikali Kuu huingia kati, na hapo neno lake ni moja kwa nchi nzima.

Neno lenyewe ni hili: mtu asiye na leseni ya biashara ya silaha haruhusiwi kumwuzia, kumpa wala kumpelekea bunduki mtu mwingine asiye na leseni akaaye jimbo jingine. Na mnunuzi naye haruhusiwi kuileta nyumbani bunduki aliyoipata hivyo. Wote wawili wana hatia, wala haidhuru kwamba wote wawili ni watu wema. Adhabu ya mtu aivunjaye sheria hii kwa kusudi yaweza kufika kifungo cha miaka 5, pamoja na faini. Tena mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa namna hii hukatazwa kuwa na bunduki yo yote baadaye.

SABABU YA SHERIA

Sheria haikuwa hivi tangu zamani. Zamani mtu aliweza kukata karatasi ya tangazo katika gazeti, kuandika jina, kutia fedha katika bahasha, na kungoja bunduki iletwe kwa njia ya posta. Mwezi wa Machi 1963 mtu mmoja wa Dallas, katika jimbo la Texas, alifanya vivyo hivyo. Aliandika kwa duka moja la Chicago, katika jimbo la Illinois, akaomba bunduki kuukuu ya jeshi la Italia, pamoja na darubini yake. Bei ya bunduki na darubini ilikuwa dola 19 na senti 95, na gharama ya kuipeleka dola 1 na senti 50. Jina alilotia katika barua lilikuwa A. Hidell, na mahali pa kupelekewa palikuwa sanduku la posta. Duka halikuona uso wake wala halikumwuliza neno. Lilipokea fedha, likafunga mzigo, likaupeleka.

Jina lake la kweli lilikuwa Lee Harvey Oswald. Tarehe 22 Novemba 1963, Rais John Kennedy alipigwa risasi mjini Dallas akafa, na uchunguzi wa serikali ulionyesha kuwa aliuawa kwa bunduki ile.

Hapa yafaa msomaji atulie kidogo. Karatasi za duka lile zilikuwako. Wapelelezi walizitafuta wakaziona, na mwandiko ukajulikana ni wa nani. Basi daftari lilifanya kazi yake, ila lilifanya baada ya mtu kufa. Kilichokosekana ni mtu wa kumtazama mnunuzi usoni kabla ya kumkabidhi silaha, kumwuliza jina lake, na kulinganisha jina hilo na hati yake.

Baraza la nchi lilijadiliana kwa muda wa miaka 5 pasipo kukata shauri. Ndipo mwaka 1968 Martin Luther King akauawa mwezi wa Aprili, na Robert Kennedy, ndugu yake yule Rais, akauawa mwezi wa Juni. Tarehe 22 Oktoba 1968 Rais Lyndon Johnson alitia sahihi sheria ya kuzuia silaha, na kwa sheria ile njia ya kumpelekea mtu wa jimbo jingine bunduki kwa posta, mpaka mlangoni pake, ilifungwa.

NJIA ILIYO HALALI

Tuseme mtu akaaye Ohio ana bunduki ndefu ya kuwindia, naye amepata mnunuzi akaaye Montana, mbali safari ya siku mbili tatu kwa motokaa. Wamekwisha kupatana bei. Sheria haikatazi biashara yao. Yataka tu ipite mkononi mwa shahidi. Shahidi huyo ni mfanya biashara wa bunduki mwenye leseni ya Serikali Kuu. Mambo huendeshwa hivi:

Kwanza, mnunuzi huchagua mwenye leseni karibu na kwake, huko Montana, na kumwuliza kama atakubali kupokea bunduki kutoka kwa mtu asiye na leseni. Wengine hukataa, na wote wana haki ya kutoza ada kwa kazi yao.

Pili, mwenye leseni humpelekea muuzaji nakala ya leseni yake. Muuzaji asiitazame tu na kuiweka mfukoni, na aihakikishe. Idara ya Serikali Kuu isimamiayo silaha, iitwayo ATF, ina mahali katika intaneti ambapo mtu huweza kutia namba ya leseni na kuona kama ni ya kweli, na ni ya duka gani.

Tatu, muuzaji hupeleka bunduki kwa mwenye leseni, katika anwani iliyo katika leseni, wala si kwa mnunuzi. Ndani ya mzigo hutia karatasi yenye jina lake, anwani yake, jina la mnunuzi, na namba iliyochorwa katika chuma cha bunduki.

Nne, mwenye leseni akiisha kuipokea huiandika katika daftari lake: imetoka kwa nani, ni ya namna gani, namba yake ni ipi, na siku gani imefika.

Tano, mnunuzi huja dukani mwenyewe, na hati yake yenye picha. Hujaza hati ya serikali, namba 4473, na kujibu maswali kwa kutia sahihi: Je, wewe ndiwe mnunuzi halisi? Je, umehukumiwa kwa kosa kubwa? Je, unatafutwa na mahakama? Je, umehukumiwa kwa kumpiga mkeo au mtu wa nyumbani mwako?

Sita, jina lake huulizwa katika kumbukumbu za serikali. Kazi hii ilianza tarehe 30 Novemba 1998, nayo husimamiwa na idara ya upelelezi iitwayo FBI; majimbo mengine hufanya uchunguzi huu yenyewe. Majibu ni matatu: apewe, angoje, au anyimwe. Akinyimwa, hapewi bunduki, na mwenye leseni anaruhusiwa kuirudisha kwa yule aliyeileta.

Bunduki ndefu ina nafuu moja ambayo bastola haina. Tangu mwaka 1986, mnunuzi aweza kusafiri mpaka Ohio na kuipokea dukani kwa mwenye leseni wa huko, maadamu sheria za majimbo yote mawili zimefuatwa. Bastola ni lazima ipitie kwa mwenye leseni wa jimbo la mnunuzi mwenyewe.

KUFUNGA NA KUPELEKA

Posta ya Marekani huruhusu mtu asiye na leseni kumpelekea mwenye leseni bunduki ndefu, maadamu haina risasi ndani. Muuzaji na aifungue mtambo wake, aitazame, aitazame tena, kisha ampe mtu mwingine aitazame. Risasi zenyewe haziruhusiwi kabisa kupita katika posta. Nje ya sanduku pasiandikwe neno lo lote la kuonyesha kilichomo, maana maandishi hayo humwita mwizi. Tena apokeaye lazima atie sahihi.

Makampuni ya kuchukua mizigo yana kanuni zake, na baadhi yao hayapokei bunduki ila kwa mwenye leseni. Kwa hiyo wauzaji wengi huenda kwa mwenye leseni wa jimbo lao wenyewe, wakamlipa ada, naye akampelekea mwenziwe wa jimbo la pili. Njia hii yaweza kuongeza gharama kidogo, lakini muuzaji hulala usingizi. Njia yo yote atakayoishika, na aweke stakabadhi ya mchukuzi, nakala ya leseni, na namba ya bunduki. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

WAPI WATU HUJIKWAA

Wengi wajikwaao si wezi. Ni watu walioona njia ya mkato. Mmoja husema, "Huyu ni rafiki yangu wa miaka 20." Wa pili husema, "Tutakutana mpakani, nami nitamkabidhi kwa mkono." Wa tatu husema, "Ni ndugu yangu wa tumbo moja, nampa zawadi." Sheria haiulizi urafiki, wala haiulizi kama fedha zimelipwa. Yauliza jambo moja: Je, wakaa majimbo mawili?

Liko na kosa la kujificha nyuma ya jina la mwingine. Mtu mmoja wa Virginia alinunua bastola kwa ajili ya ndugu ya mzazi wake akaaye Pennsylvania, ambaye alikuwa amemtumia fedha mapema. Katika ile hati alijibu kuwa yeye ndiye mnunuzi halisi. Baadaye bastola ilipitishwa kwa mwenye leseni huko Pennsylvania, na yule mzee akachunguzwa akaonekana hana kosa. Walakini mwaka 2014 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua, kwa majaji 5 juu ya 4, kuwa mnunuzi ana hatia, kwa sababu alisema uongo katika hati. Mzee alikuwa mwema, na njia ya pili ilikuwa halali, lakini daftari lilikuwa limekwisha kuandikwa jambo lisilo kweli. Nalo daftari ndilo jicho la yule mtu wa tatu tuliyemtaja mwanzo.

Sheria ina huruma kidogo pia. Bunduki ya urithi, iliyoachwa na marehemu kwa wosia au kwa haki ya urithi, yaweza kwenda kwa mrithi wa jimbo jingine, iwapo si mtu aliyekatazwa silaha na sheria ya kwake inamruhusu. Mtu aweza pia kumwazima mwenziwe bunduki kwa muda kwa mawindo ya halali. Na bunduki za kale, zilizotengenezwa mwaka 1898 au kabla yake, hazimo katika sheria hii. Lakini huenda sheria ya jimbo ikazitaja, basi na ziulizwe.

Kwa watu wetu wakaao huko tuna maneno mawili zaidi. Mgeni aliyeingia kwa viza ya muda, kama mwanafunzi au mtembezi, kwa kawaida hakubaliwi kuwa na bunduki, ila kwa ruhusa chache kama leseni ya kuwinda. Wala mtu asidhani kuwa njia tuliyoieleza yafaa kwa kupeleka bunduki ng'ambo. Kuitoa Marekani na kuileta Afrika ni shauri jingine kabisa, lenye leseni ya kutolea huko na ruhusa ya kuingizia huku, na mtu alifanyaye kwa siri hutafuta msiba wake.

Wazee wetu walipouza ng'ombe waliita mashahidi, hata kama muuzaji na mnunuzi walikuwa wamenyonyeshwa ziwa moja. Hawakuwatukana kwa kufanya hivyo. Walijua kuwa ng'ombe aliyeuzwa gizani huzaa kesi kabla hajazaa ndama. Bunduki iliyouzwa gizani yaweza kuzaa jambo ambalo hakuna baraza liwezalo kulifidia. Basi mtu akiona safari ya dukani ni ndefu, na ada ni kubwa, na maswali ya hati ni mengi, na akumbuke ule mzigo uliotoka Chicago kwenda Dallas kwa dola 21 na senti 45, wala hakuna mtu aliyeuliza.