Kuwinda kulungu Iowa: Mtutu ndio unaochagua risasi

Kila ifikapo Jumamosi ya kwanza ya Desemba, mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa katika jimbo la Iowa, hapa Marekani, hujaa watu waliovaa vizibao vya rangi ya chungwa kali. Huo ndio mwanzo wa msimu wa kuwinda kulungu kwa shotgun, na ndugu zetu kutoka Kongo, Burundi na Tanzania wanaoishi huko nao hualikwa mawindoni na wafanyakazi wenzao.

Sheria za Iowa haziruhusu kumpiga kulungu kwa marisau. Shotgun hutumia risasi moja nzito, ambayo wawindaji wa huku huiita slagi. Ile ya kawaida ya geji 12 ina uzito wa aunsi moja, yaani gramu 28 hivi. Tatizo ni kwamba dukani maboksi ni mengi na bei zinapishana sana, na hapo ndipo wengi wanapokosea.

Sisi wenyewe tulikosea. Mwaka wetu wa kwanza tulinunua boksi la bei kubwa kuliko yote, tukidhani kilicho ghali ndicho bora. Tulipojaribu kwenye karatasi kwa umbali wa yadi 50, kati ya risasi tano ni mbili tu zilizopiga karatasi, na moja kati ya hizo iliingia kwa ubavu. Risasi hazikuwa mbovu. Mtutu wetu ulikuwa laini, nazo zilitengenezwa kwa ajili ya mtutu wenye mifuo.

Chungulia kwanza ndani ya mtutu

Kabla ya kwenda dukani, toa risasi zote, fungua bunduki, kisha mulika tochi ndani ya mtutu. Ukiona mifuo inayozunguka kama hesi za skrubu, huo ni mtutu wa mifuo. Ukiona uwazi mtupu unaong'aa, ni mtutu laini.

Mtutu laini unahitaji slagi ya aina ya Brenneke, iliyobuniwa na Mjerumani Wilhelm Brenneke mwaka 1898, au ya aina ya Foster, iliyobuniwa na Mmarekani Karl Foster mwaka 1931. Uzito wa slagi hizi uko mbele, kwa hiyo huruka kama mshale, kichwa kikitangulia. Kwa wengi wetu, yadi 50 hadi 75 ndio mwisho wa kumpiga mnyama kwa uhakika.

Mtutu wa mifuo unahitaji saboti. Hii ni risasi nyembamba iliyovikwa koti la plastiki. Koti hushika mifuo, risasi ikazunguka, kisha koti hudondoka baada ya kutoka mdomoni. Mwindaji mwenye mazoezi huweza kufika yadi 100 na zaidi. Saboti isipozunguka, hupinduka hewani kama ilivyotupata sisi. Kinyume chake, Foster ikipigwa katika mtutu wa mifuo huacha utando wa risasi ndani, na shabaha huharibika.

Makosa yanayoweza kuua

Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu. Chemba ya inchi 2¾ isiwekwe risasi ya inchi 3, hata kama inaingia. Ganda hurefuka likifunguka, na likikosa nafasi, msukumo wa baruti hupanda kupita kiasi. Wala usichanganye mfukoni risasi za geji 20 na za geji 12. Ya geji 20 huweza kuteleza na kukwama ndani ya mtutu wa geji 12, na ukiweka nyingine nyuma yake ukafyatua, mtutu hupasuka. Ndiyo sababu maganda ya geji 20 huwa ya manjano.

Kama mdomo wa mtutu laini una choki, tumia ile iliyo wazi, si ile inayobana sana.

Halafu kuna imani kwamba slagi haiendi mbali. Mwaka 2007, utafiti uliofanywa kwa ajili ya Bunge la jimbo la Pennsylvania ulionyesha kwamba bunduki ikilengwa sambamba na ardhi, slagi inaweza kuwa na hatari zaidi kuliko risasi ya raifo, kwa sababu hudunda chini na kuendelea. Usifyatue kama huoni kilima au udongo nyuma ya mnyama.

Karatasi kabla ya mnyama

Ukishachagua, piga risasi tatu kwenye karatasi, yadi 50. Zikikusanyika pamoja, rekebisha shabaha na ubaki na aina hiyohiyo. Zikitawanyika, jaribu aina nyingine. Kulungu aliyejeruhiwa akatokomea ni kitoweo kilichopotea na mateso ya bure kwa mnyama.

Mwisho, leseni. Aliyezaliwa baada ya Januari 1, 1972 lazima apite mafunzo ya uwindaji kabla ya kununua leseni Iowa. Na wenye viza za muda, wakiwemo wanafunzi, wakumbuke kwamba sheria ya shirikisho inawakataza kushika bunduki au risasi, isipokuwa kwa sababu chache, mojawapo ikiwa ni kuwa na leseni halali ya kuwinda. Kuazimwa bunduki na rafiki kwa siku moja tu hakukuondolei kosa. Mwenye shaka amuulize mwanasheria kabla ya kuipokea.