Shughuli ya Shukrani kwa Mama Aliyetolewa Kizazi

Mazungumzo ya radio kwa vikundi vya elimu ya watu wazima, Makurunge na jirani zake, kama yalivyosomwa na Ofisa wa Elimu

Mwenye kalamu na aiweke tayari. Asiye na kalamu na asikilize vizuri, maana mwisho wa somo yako maswali, na mwenyekiti wa kikundi atawauliza.

Leo nitasema juu ya jambo ambalo kwa desturi yetu husemwa kwa sauti ndogo uani. Ni juu ya mama aliyepasuliwa hospitali akatolewa kizazi, akarudi nyumbani salama, naye au watu wake wanataka kufanya shughuli ya kumshukuru Mungu. Shughuli hiyo ifanywe lini? Nani apike? Na watu waambiwe nini? Mimi ni mwalimu, si mganga. Mambo ya kidonda chako na dawa zako muulize mganga aliyekupasua. Lakini kupanga ni kazi ya elimu, na shukrani isiyopangwa vizuri yaweza kugeuka ugonjwa.

Kwanza tufahamu jambo lenyewe. Kizazi ni nyumba anamokaa mtoto kabla ya kuzaliwa. Waganga hukitoa kwa sababu mbalimbali: uvimbe uitwao fibroidi, unaomtoa mama damu nyingi kila mwezi, kizazi kilichoshuka, kizazi kilichopasuka wakati wa kujifungua, au damu ya uzazi iliyokataa kuzuilika, na saratani. Si kila uvimbe unadai kizazi kitolewe. Mganga hupima kwanza, kisha akashauriana na mgonjwa. Kizazi kikiisha kutolewa, mama hachukui mimba tena, na kwa kawaida hedhi hukoma.

Je, ameacha kuwa mwanamke? Hata kidogo. Ikiwa vifuko vya mayai, vilivyo kando ya kizazi, vimeachwa mahali pake, vinaendelea na kazi yao mwilini. Ikiwa navyo vimetolewa kabla ya umri wa kukoma hedhi, mama atasikia joto la ghafula na kukosa usingizi, na hilo amweleze mganga. Mambo ya unyumba nayo hayakwisha. Yanangoja tu kidonda cha ndani kipone na mganga aruhusu, mara nyingi baada ya wiki 6 au zaidi. Nasema haya wazi kwa sababu ziko nyumba zilizovunjika kwa uvumi wa barazani kwamba mke aliyetolewa kizazi si mke tena.

Jambo la pili: hongera au pole? Chukueni mfano wa mama wa miaka 45 mwenye watoto watano. Kwa miaka mitatu alitokwa damu siku 10 kila mwezi. Shamba lilimshinda, harusini hakwenda, na safarini alichukua kanga ya kubadili. Huyu ukimwambia hongera atacheka, na vigelegele vimpigiwe. Sasa chukueni mfano wa mama wa miaka 27, ambaye siku moja alipoteza mtoto wake na kizazi pia. Huyu ukimletea vigelegele, umemchoma kisu. Yeye anahitaji dua, mtu wa kukaa naye, na muda wa kulia. Kwa hiyo, kabla ya kununua hata kibaba cha mchele, mwulizeni mwenyewe faraghani: "Dada, unapenda tufanye jambo, au tukae kimya?" Akisema kimya, basi ni kimya. Wengine waliweka nadhiri kabla ya kupasuliwa, kwamba wakipona watasoma maulidi. Hao nao wasiharakishwe.

Jambo la tatu ni siku. Hapa desturi yetu ya pwani inatusaidia. Mzazi hukaa ndani siku 40, halafu ndipo hutolewa. Mama aliyepasuliwa tumbo huhitaji kupumzika wiki 6 mpaka 8, na wiki 6 ni siku 42. Basi arobaini tunayoifahamu ndiyo kipimo chetu: mpeni mama huyu arobaini yake, ingawa hakuna mtoto wa kubebwa. Waliopasuliwa kwa njia ya chini, au kwa matundu madogo, huenda wakapona mapema zaidi, lakini wasikilize agizo la mganga.

Isipokuwa yako mambo ya arobaini yasiyofaa kabisa hapa. Asikandwe tumbo kwa maji ya moto, wala asifungwe kanga kwa nguvu juu ya kidonda. Asikalie mvuke wa majani, wala asijiweke dawa yoyote ukeni. Tumbo la mzazi na tumbo lenye mshono si mamoja.

Tena msitangaze siku ya shughuli kabla ya mambo mawili kutimia. La kwanza, mama arudi hospitali akaonwe, ikiwa ni Bagamoyo mjini, au Tumbi kule Kibaha, au Muhimbili. La pili, aulize majibu ya maabara. Kizazi kilichotolewa kwa kawaida hupelekwa maabara kichunguzwe, na mara chache huonekana saratani ambayo hakuna aliyeitazamia. Majibu hayo yakisahauliwa kabatini, mnaweza kula pilau ya shukrani na ugonjwa ungalimo. Kadhalika aulize: "Shingo ya kizazi imetolewa au imebaki?" Ikiwa imebaki, ataendelea kupimwa kama wanawake wengine.

Jambo la nne ni kazi. Ndoo ya maji ya lita 20 ina uzito wa kilo 20. Katika wiki zile 6 mama huyu asinyanyue kitu kizito kuliko birika lililojaa. Asitwange, asipasue kuni, asilime. Atembee polepole kila siku, kwa sababu kulala tu hugandisha damu miguuni. Basi wagaweni watu kazi mapema, kwa majina: nani atateka maji, nani atakuna nazi, nani atakaa jikoni, nani ataosha vyombo. Mume naye apewe kazi yake, na kuteka maji hakumpunguzii heshima. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Wageni wetu wa siku hiyo waje kumponya mwenyeji, wasije kumrudisha wodini.

Jambo la tano ni fedha na chakula. Kabla ya shughuli tengeni kwanza nauli ya kurudi hospitali, na dawa za kuongeza damu ikiwa ameandikiwa. Kinachobaki ndicho cha karamu, msikope. Kwa watu 30 mchele kilo 6 na nyama kilo 4 zinatosha, pamoja na nazi, na mchicha au matembele. Mama mwenyewe ale maharage, dagaa, mboga za majani na papai, na anywe maji mengi, ili choo kisiwe kigumu na asijikamue. Sare za kanga si lazima. Watu wakitaka kutunza, mtu mmoja aandike daftarini, na fedha hiyo imfae mgonjwa.

Muda uwe mfupi: kuanza saa 10 alasiri, kumalizika kabla ya magharibi. Waislamu wakisoma maulidi au dua, ni vyema. Wakristo waweza kuomba misa ya shukrani, kama katika misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa mwaka 1868. Ngoma ya kukesha iachwe. Mwenye shughuli apewe kiti chenye egemeo, na chumba kiwe wazi ajilaze akichoka. Mkipanga miezi ya masika, kumbukeni njia za matope na wazee watakaotoka mbali.

Jambo la sita ni maneno. Siri ya mwili ni ya mwenye mwili. Akipenda, msemaji aseme tu: "Tunamshukuru Mungu, ndugu yetu alipasuliwa na amepona." Hiyo inatosha, na asiulizwe zaidi. Lakini akikubali habari yake isemwe, basi shughuli ile yaweza kuwa dawa kwa wengine. Mwalikeni nesi wa zahanati azungumze kwa dakika 10 kabla ya chakula. Maana pale mkekani huenda ameketi mwanamke anayetokwa damu zaidi ya siku 7 kila mwezi, au damu ya mabonge. Au bibi aliyekoma hedhi zamani na sasa ameona damu tena. Au mke anayetoka damu baada ya kukutana na mumewe. Kila mmoja anadhani ni yake peke yake, au amerogwa. Hao wote waende hospitali, wasingoje. Saratani ya shingo ya kizazi huwapata wanawake wengi wa Tanzania kuliko saratani nyingine yoyote, nayo ikionwa mapema hutibika. Nesi awakumbushe pia habari ya chanjo ya wasichana dhidi ya ugonjwa huo, iliyoanza kutolewa nchi nzima mwaka 2018.

Mwisho, kariri dalili za hatari. Mama aliyepasuliwa akipata homa, usaha, au kidonda kikifunguka. Akitoka damu nyingi au uchafu wenye harufu mbaya. Akishindwa kukojoa, au mkojo ukivuja wenyewe. Akivimba mguu mmoja, au akiumwa kifua na kukosa pumzi, apelekwe hospitali saa ile ile, hata ikiwa sufuria ziko motoni na wageni wamekwisha kaa. Chakula kitaliwa na waliopo.

Haya, wenyeviti, yafuatayo ni maswali ya kujadili:

1. Kwa nini siku ya shughuli isitangazwe kabla ya majibu ya maabara?
2. Katika desturi zetu za arobaini, zipi zinamfaa mama aliyepasuliwa, na zipi zitamdhuru?
3. Hapa kwetu maji huchotwa mbali kiasi gani? Nani atamchotea mama huyu kwa siku 42? Andikeni majina.
4. Mtu akisema barazani kwamba mke wa fulani "si mwanamke tena", mtamjibu nini?

Swali la 4 wajibu wanaume kwanza, na wanawake wasikilize.

Mwambieni na jirani asiye na radio.